Sina Kazi, Nalima Tu

3 Machi

Mwenye duka la pembejeo, ambaye sote tunamwita Mizani kwa sababu hauzi kitu bila kukipima mara mbili, leo amenipa shajara ya bure yenye picha ya ng'ombe kila ukurasa. Nilimshonea suruali, na naona hii ndiyo chenji yangu. Mke wangu ameigeuzageuza akasema, "Afadhali. Sasa umepata wa kukusikiliza."

Basi, ng'ombe, karibu. Mimi ni fundi cherehani, nimefika umri wa kulalamikia mgongo kabla ya kuulizwa, na mvua bado.

6 Machi

Bado.

9 Machi

Uandikishaji wa ruzuku, uwanjani pale kwenye ofisi ya kata. Serikali itawasaidia wakulima kununua mbolea: pesa zinaingia kwenye simu, unanunua kwa Mizani, halafu baadaye bibi shamba anakuja kukagua. Asiyekuwa na mazao ya kuonyesha anarudisha pesa.

Bibi shamba wetu ni mgeni, binti mdogo aliyevaa mabuti makubwa kuliko yeye, na kishikwambi mkononi ambacho hubonyeza kila unachomwambia bila kukutazama. Dada yangu alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Yeye ndiye mkubwa wetu, mjane, na ndiye anayelima shamba lote la baba kule bondeni. Mimi nilibaki na kipande cha kando ya barabara, ambapo kila mwaka nawapandia mbuzi wa jirani maharage.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Kazi sina, mwanangu. Nalima tu."

Binti akabonyeza. Zamu yangu ikafika, nami nimening'iniza futi shingoni na vipande vya uzi kichwani.

"Baba, kazi?"

"Mkulima," nikasema, nikainua viganja vyangu laini kama vya mtoto wa juzi. Foleni nzima ikacheka. Binti akabonyeza.

Kinyozi, nyuma yangu, akasema, "Kama huyu mkulima, basi na mimi mkulima, maana navuna nywele." Naye akabonyezwa.

Tumerudi nyumbani tunacheka. Imekuwa siku nzuri.

17 Machi

Imenyesha! Bati la duka langu limepigiwa makofi mchana kutwa. Sijashona kitu, nimesimama mlangoni kama mwenye mvua yake.

21 Machi

Dada amepanda. Nilipita na baiskeli nikiwahisha sare za shule, nikampungia mkono. "Za shamba?" "Nzuri." Sikusimama.

2 Aprili

Leo sina raha. Nimevunja sindano, nimeweka nyingine, nayo nimevunja.

Ujumbe wa ruzuku umeingia. Simu yangu ililia asubuhi nikiwa napima kiuno cha mama mmoja ambaye hakupenda namba niliyoitaja. Nikasoma: "Hongera. Wewe ni mkulima uliyethibitishwa." Na pesa zimo. Nikaruka. Muda si mrefu akapita kinyozi mbio na taulo la mteja begani, anapiga kelele kwamba yeye pia amethibitishwa.

Halafu akaja Dada.

"Nisomee, miwani nimeisahau."

Nikasoma kimya.

"Wewe si ulisoma shule? Sauti."

"Ombi lako la ruzuku halikukubaliwa. Sababu: mwombaji si mkulima."

"Rudia hapo mwisho."

"Si mkulima."

Dada akaichukua simu yake, akaifuta kwa upindo wa nguo kama iliyoingia tope. Miguu yake ilikuwa na udongo wa bondeni hadi karibu na magoti.

"Na wewe umepata?"

Nilitamani kusema bado. Lakini kinyozi alikuwa anapita mara ya pili, na akalisema hilo kwa niaba yangu, kwa sauti.

"Kumbe ndiye wewe," akasema Dada.

"Ndiye nani?"

"Mkulima."

Akaondoka. Hakuelekea bondeni, alielekea nyumbani kwake. Nimemfuata kwa macho mpaka kona.

3 Aprili

Nimekuta Dada barazani kwangu kabla sijafungua duka. Amevaa nguo yake ya kanisani, amekuja na kigoda chake.

"Shikamoo, Dada. Huendi shambani leo?"

"Marahaba. Kufanya nini?"

"Palizi. Magugu si yameshaanza?"

"Palizi ni kazi, mdogo wangu. Mimi sina kazi. Nimethibitishwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Amekaa hadi jioni.

4 Aprili

Yupo.

5 Aprili

Yupo. Mvua nayo ipo, ile ya polepole inayopendwa na kila kitu kilicho ardhini, hasa kisichotakiwa.

Wapo wengine waliojibu kama Dada, wengi wao wanawake. Leo wawili walikuja kukaa naye wakakasirika pamoja, lakini kabla ya saa sita wakainuka na majembe yao. "Wewe wanao wamekua," mmoja akamwambia, "wangu wanataka kula leo." Dada akawaambia nendeni, hakuna ugomvi. Yeye akabaki.

Nimempelekea habari ya mbolea. Nimeshainunua, mifuko ipo chini ya meza yangu ya kukatia. "Ichukue, Dada. Ni yako."

"Mbolea ya wakulima hiyo. Nisije nikafungwa."

8 Aprili

Mwanamke asiye na kazi ni hatari kwa biashara. Leo mteja alikuwa ameshakubali bei yangu ya kushona gauni. Dada akamwambia kutoka kwenye kigoda, "Hilo ni jibu lake la kwanza, mama. Muulize tena." Mteja akauliza tena. Nimekula hasara mbele ya ndugu yangu wa damu.

Baadaye: "Pindo lako limepinda."

"Halijapinda."

"Limepinda kama barabara ya kwetu."

Nikalipima. Limepinda. Kila wingu likijikusanya nainuka, naenda mlangoni, narudi, nasahau nilikuwa nashona nini. Jana nimemwekea mteja mfuko wa suruali kwa ndani.

12 Aprili

Nimefunga duka, nikampandisha Dada kwenye basi hadi ofisi ya wilaya. Amekubali kwa sababu, alisema, hana pengine pa kuwahi.

Chumba cha ofisi kina benchi, feni isiyozunguka, na kijana mpole nyuma ya kompyuta. Nataka niandike kwamba alikuwa mkali, ningepata nafuu. Alikuwa na adabu zake zote.

"Hapa anasomeka hana kazi," akasema. "Kubadilisha kutoka hana kazi, tunahitaji barua ya mwajiri."

"Mwajiri wake ni mvua," nikasema.

Kijana akatabasamu, akatafuta "mvua" kwenye orodha yake, haikuwemo. "Ama," akasema, "aliyemwandika ndiye ambadilishe."

"Yuko wapi?"

"Yuko mashambani, anakagua wakulima."

"Na sisi tumsubiri wapi?"

"Kwenye shamba lenu."

"Atakuja?"

"Kwa mkulima, ndiyo. Mama siyo mkulima, kwa hiyo hayumo kwenye ratiba."

Nikamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Dada akasimama, akamshukuru, akamwambia kola yake imekwisha na mdogo wake ni fundi. Hata huko amenitafutia mteja.

Basi lilipopita juu ya bonde Dada akageuza uso upande wa pili wa dirisha. Mimi niliangalia. Mahindi yamefika magotini, na katikati ya mistari kumejaa kijani kingine. Kwa mbali ungesema shamba limestawi.

15 Aprili

Nimeamua kupalilia mwenyewe. Nimeamka mapema, nikamwambia mke wangu naenda kudai pesa kwa mteja, nikateremka bondeni na jembe la jirani.

Ng'ombe, wewe nakuambia kwa sababu huwezi kumwambia mtu. Mahindi machanga na yale magugu ya majani marefu yanafanana kama mapacha. Nimeyakata yote bila upendeleo. Baada ya mstari mmoja mgongo ulikataa kuinuka, nikawa natembea nimeinama kama ninayetafuta sindano. Baada ya mstari wa pili nililala chini kifudifudi, kwenye tope. Kulikuwa na utulivu mzuri pale. Nilitazama mstari wa Dada kutoka usawa wa ardhi. Umenyooka kuliko pindo lolote nililowahi kupiga, naye hana futi.

Dukani, nimeshika kitambaa kwa vidole viwili.

"Mkono una nini?" Dada akauliza.

"Sindano imenichoma."

"Sindano inatoa malengelenge siku hizi?"

Nikajifanya natunga uzi.

"Umelima wapi?"

"Kwako."

"Umeyakata mahindi mangapi?"

"Machache."

"We mtoto," akasema, akafumba macho kama anayeumwa na jino.

16 Aprili

Nimegundua kitu. Ufa wa baraza langu, ambao tangu zamani una majani, leo hauna hata jani moja. Dada anayang'oa akiwa amekaa, huku anazungumza na watu, wala hajui kama anang'oa. Ngurumo ikipiga anainua kichwa kabla yangu. Nilidhani ni mimi peke yangu nisiyekuwa na raha pale barazani.

19 Aprili

Nimemlalamikia mke wangu kwamba Dada ni mkaidi, atajiumiza mwenyewe kwa neno moja lililoandikwa vibaya. Mke wangu alikuwa anachekecha unga. Hakuacha kuchekecha.

"Huu unga unatoka wapi?"

"Si Dada huwa anatuletea?"

"Huwa anatuletea. Na wewe huwa unasemaje?"

"Nasema asante kwa zawadi."

"Basi. Umekula kazi ya wifi yangu miaka yote hii ukiiita zawadi, halafu yeye ndiye mkaidi."

Nimetoka nje kuangalia mawingu.

24 Aprili

Mizani amekuja kuchukua suruali yake nyingine. Akaangalia barazani, akainamisha kichwa na kunong'ona, ingawa mnong'ono wa Mizani unasikika hadi kwa kinyozi.

"Fundi, ukaguzi unafika kwetu wiki hii. Utamwonyesha nini yule binti? Maharage ya mbuzi?"

"Hata hayo yameshaliwa."

"Basi utarudisha pesa, na mbolea mimi sirudishiwi. Sikiliza. Mpeleke bondeni. Sema ni lako. Apige picha, aende zake. Mbolea mnaimwaga kule kule, mahindi yanastawi, dada yako anavuna. Nani ameumia?"

Nimewaza tangu aondoke, na sijapata aliyeumia. Ndicho kinachonikera. Nimelipima jambo hili kila upande, linakaa vizuri mwilini, na bado kuna mahali linabana.

28 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Bibi shamba alifika dukani na mabuti yake, saa za asubuhi, mvua imekatika kidogo. "Baba, nimekuja kuona shamba lako."

"Twende," nikasema. Miguu yangu yenyewe ikaelekea bondeni. Sikuituma.

Dada akainuka kwenye kigoda. "Nami nakuja."

"Dada, kuna tope."

"Sina kazi, mdogo wangu. Nina nafasi."

Tukateremka watatu, binti mbele, mimi katikati natokwa na jasho jembamba, Dada nyuma na viatu vyake vya kanisani mkononi. Kama angenisema njiani ningepata pa kushika. Tulifika.

Binti akatazama huku na huku. "Shamba zuri hili, baba. Ila umeliachia. Magugu yanakushinda."

"Mgongo," nikasema.

"Umepanda mbegu gani?"

"Ya mahindi."

Dada akakohoa.

"Najua ya mahindi. Aina gani?"

"Ile... ya kawaida. Ya njano-njano."

Binti akaniangalia mara ya kwanza tangu tufahamiane. Lakini ana mashamba mengi ya kutembelea, akafungua kishikwambi. "Haya, simama pale katikati nikupige picha, nimalize."

Nikaingia kwenye mahindi. Majani yalinilowesha hadi kiunoni. Nikageuka kuikabili kamera na futi yangu shingoni, nikajaribu kusimama kama mwenye shamba. Sijui wenye mashamba husimamaje. Nikamtafuta Dada kwa macho. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameinama kwenye mstari wa pembeni, kwenye hindi lililoanza kugeuka njano, na gugu limelikumbatia shina. Mkono wake ukaenda kwenye lile gugu. Ukalifikia. Halafu ukarudi, akauficha kwapani.

Ule mkono ndio ulionishinda.

"Mwanangu," nikasema, "teremsha hicho kitu. Shamba si langu."

"Ni la nani?"

"La huyo. Mimi ni fundi cherehani. Langu lile kule juu, limeliwa na mbuzi."

Binti akabonyeza, akabonyeza tena. Uso ukamshuka. "Mama huyu ninaye. Nimeandika hana kazi." Akamgeukia Dada haraka. "Lakini mama, mimi niliandika ulichosema."

"Na kweli nilisema. Hujakosea."

"Kwa nini ulisema huna kazi?"

Dada akafikiri. Nadhani hakuwahi kuulizwa, na ni mtu wa haki, hakutaka kujibu ovyo. "Kwa sababu mwenye kazi akirudi jioni watu wanamwambia pole na kazi. Mimi nikirudi wananiuliza kama nimeleta mboga. Huyu ndugu yangu akinikuta hapa nimeinama tangu alfajiri ananiambia za shamba. Akimkuta kinyozi amekaa kwenye kiti anamwambia za kazi."

Nikatazama tope. Ni kweli. Kinyozi mwenyewe nusu ya siku anasinzia.

Binti akasema, si kwetu hasa, "Mama yangu nikimpigia simu nikamuuliza unafanya nini, anasema nipo tu. Na nyuma nasikia jembe."

Mvua ikaanza tena, ndogo.

"Nikiwa shambani naweza kurekebisha," akasema. "Lakini nikirekebisha, baba atafutwa. Hawezi kuwa na pesa ya ruzuku bila shamba. Utazirudisha."

"Nifute," nikasema. Nilisema haraka, kabla Mizani wa kichwani mwangu hajapata nafasi.

Akamwambia Dada asimame ndani ya shamba. Dada akaweka viatu vyake juu ya jiwe, akaingia, akasimama. Nimeshaona sasa jinsi wenye mashamba wanavyosimama: hata hawasimami, wanaangalia mguu wao usikanyage.

"Mama, kazi?"

"Andika mkulima. Ile 'tu' iache."

"Mfumo hauna nafasi ya 'tu', mama."

"Basi mfumo una akili kuliko mimi."

Hapo tukacheka, sote watatu, na mvua ikatukuta bila mwavuli. Binti alikuwa hajafika barabarani Dada alipoinama, katika nguo ile ile ya kanisani. Niliinama karibu naye. "Wewe rudi dukani," akasema bila kugeuka. "Mahindi yangu yanakuogopa."

29 Aprili

Baraza liko wazi. Kigoda amekisahau. Nimepeleka mifuko ya mbolea bondeni kwa baiskeli, nikaisukuma zaidi ya kuipanda. Nilipofika nikasema, "Za kazi, Dada?"

Akanitazama kuona kama namdhihaki. "Nzito," akasema.

6 Mei

Nimerudisha fungu la kwanza la pesa ya serikali. Nitamaliza nikishona hadi usiku wa sikukuu. Kinyozi naye amekaguliwa. Alionyesha maboga ya shemeji yake, na shemeji alikuwepo. Hatunyolewi kwake wiki hii, kuna kelele.

30 Mei

Mvua inapungua. Upande wa chini wa bonde umekufa. Magugu yalikuwa yameshamaliza kila kitu kabla ya mbolea. Dada ameutembea wote, ameng'oa mashina makavu, hajamlaumu mtu. Afadhali angenilaumu.

11 Julai

Tumevuna. Upande wa juu umetoa vizuri, wa chini umetoa mabua ya kuwashia moto. Ruzuku yake imeingia leo pia, mvua ikiwa imeshasahaulika. Nilimkimbilia kumsomea. Akasema isubiri msimu ujao, yeye kwa sasa ana shughuli.

24 Julai

Dada amekuja na begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu mjini. Nakwenda likizo."

"Likizo gani?"

"Kwani mwenye kazi hapati likizo? Uliza serikali."

Hajawahi kwenda likizo tangu nimjue, na nimemjua tangu nizaliwe. Nikambebea begi hadi kituoni. Akaniachia funguo na maagizo: mahindi yako juu ya turubai uani kwake, nianike asubuhi, nigeuze mchana, niyafunike jioni, nifukuze kuku, na yakipata maji yatavunda na msimu wote umekwenda. "Sio kazi kubwa," akasema. Kisha akajisahihisha. "Ni kazi kubwa. Usilale."

25 Julai

Nimehamishia cherehani uani kwake. Nashona kwa jicho moja. Kuku wa jirani ni wengi kuliko nilivyodhani, na hawaogopi futi.

26 Julai

Jana nimegeuza, leo nimegeuza. Mke wangu ameniletea chai, akasimama kunitazama nikikimbiza jogoo kuzunguka turubai. "Pole na kazi," akasema. Nikamjibu kwa mkono, pumzi sikuwa nayo.

28 Julai

Huu si mwezi wa mvua. Kila mtu anasema si mwezi wa mvua, Mizani amesema mara mbili. Lakini upande ule wa bonde kumekuwa kweusi ghafla, na upepo umegeuka, umebeba vumbi na karatasi zangu za vipimo. Mahindi yote yapo nje, yamesambaa hadi mlangoni, na mimi ni mmoja. Nimeita, hakuna aliyesikia. Tone la kwanza limeanguka juu ya ng'ombe wa ukurasa huu, hapa kwenye pembe. Nakimbilia ncha ya turubai, naacha kuan